Rada na masharti yake: pale kompyuta inapojibu "haiwezekani"



Ndugu msomaji, mwaka jana jumuiya ilinikabidhi kazi ambayo kila mtu aliiona ndogo: kupanga ratiba ya darsa za jioni. Darsa zenyewe ni nne tu, tajwidi, fiqhi, sira na Kiarabu. Chumba tulipewa jioni tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, na kila jioni ina vipindi viwili, baada ya Alasiri na baada ya Magharibi. Vipindi sita kwa darsa nne. Nikajiambia hii ni kazi ya dakika kumi.

Jioni ya tisa nilikuwa bado nachora majedwali. Nikitengeneza hapa, panaharibika pale. Dada zetu wanaokaa mbali waliomba tajwidi na fiqhi ziwe kabla ya Magharibi ili wawahi usafiri. Ustadh wa tajwidi na wa fiqhi ni mmoja, na huja Jumatatu na Alhamisi tu. Jumatatu yenyewe huwa na wanafunzi wake wa madrasa mpaka Magharibi. Juu ya hayo kulikuwa na mitihani ya baadhi yetu, habari ya funguo za chumba, na mwalimu wa Kiarabu asiyetaka Alhamisi. Baadhi ya ndugu wakaanza kunong'ona kwamba katibu ni mzembe, na mimi mwenyewe nilikaribia kuamini.

Rafiki yangu anayesoma informatiki akaniomba ile karatasi. Hakuchora jedwali. Aliandika masharti kwenye kompyuta yake, moja baada ya jingine, mistari kama ishirini, akabonyeza. Jibu lilitoka hata sijavuta pumzi: haiwezekani. Nikadhani mashine imekosea. Akaanza kuondoa sharti moja moja mpaka yakabaki matatu yanayogongana yenyewe kwa yenyewe: dada zetu kabla ya Magharibi, ustadh mmoja kwa darsa zote mbili, na ustadh huyo kupatikana Jumatatu baada ya Magharibi na Alhamisi tu. Ukiyaweka pamoja, kinabaki kipindi kimoja tu, Alhamisi baada ya Alasiri, na darsa ni mbili. Mitihani, funguo na mwalimu wa Kiarabu, ambavyo nilikuwa nikivilaumu siku zote tisa, havikuhusika hata kidogo.

Nikamwuliza haya kajifunzia wapi. Akasema: kwenye rada. Kazi yake ya kumalizia mwaka ilihusu namna masharti ya aina hii yanavyotumika katika kubuni rada na kuiendesha. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na fizikia tuliagana sekondari, lakini tangu siku ile nimemsumbua kwa maswali. Haya hapa ndiyo niliyoyaelewa, kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi na si kwa Kifaransa cha darasani, ambacho wengi wetu hukikariri bila kukielewa.

Kuandika masharti badala ya hatua

Katika programu tulizozoea, mwandishi huiambia kompyuta hatua: fanya hiki, kisha kile, kikitokea hiki rudi kule. Katika programu za masharti hasemi hatua. Husema mambo matatu tu. Ni vitu gani havijajulikana. Kila kimoja kinaweza kuchukua majibu gani. Na ni masharti gani yasiyoruhusiwa kuvunjwa. Kutafuta ni kazi ya mashine.

Mashine nayo hutafuta kwa kupokezana mambo mawili. Kwanza hupunguza: hupitia kila sharti na kufuta majibu yote ambayo tayari yameshakuwa muhali. Pale isipoweza kupunguza zaidi, hujaribu: huchagua kitu kimoja, hukipa jibu moja kwa muda, kisha huanza tena kupunguza. Ikigonga ukuta hurudi nyuma, hufuta lile jaribio na kushika jingine. Elimu hii ina wazazi wengi. Waliosoma kwa Kifaransa huenda wamelisikia jina la Alain Colmerauer, ambaye pamoja na wenzake wa Marseille walitoa lugha ya Prolog mwaka 1972, na baadaye, katika Prolog III, wakaipa uwezo wa kushughulikia masharti ya hesabu.

Jambo moja lishike hapa, maana ndilo litakalorudi hadi mwisho. Mashine hii haiachi njia yoyote mpaka iwe imethibitika kwamba haifiki popote. Kwa hiyo ikisema "hapana", hapana yake ni ushahidi. Mimi baada ya majedwali tisa nilikuwa na uchovu tu, sikuwa na ushahidi wa chochote.

Rada inachouliza

Rada hurusha mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi. Mawimbi hayo huenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kikiwa umbali wa kilomita 150, mpigo huenda 150 na kurudi 150, jumla 300, na mwangwi hufika baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, yaani milisekunde moja. Kuchelewa kwa mwangwi hutupa umbali.

Mwendo hujulikana kwa njia nyingine. Gari la wagonjwa likija kwako, king'ora husikika chembamba. Likishakupita husikika kizito. Vivyo hivyo mwangwi wa kitu kinachokuja hurudi na frikwensi iliyopanda kidogo, yaani mawimbi mengi zaidi kwa sekunde, na wa kitu kinachokwenda zake hurudi na frikwensi iliyoshuka. Wataalamu huiita athari ya Doppler. Basi kila mwangwi una mambo mawili ya kusomwa: umechelewa kiasi gani, na umepanda au kushuka kiasi gani.

Ugumu unaanza pale mambo haya mawili yanapochanganyika.

Ngazi inayodanganya

Miaka ya 1960 mhandisi Mmarekani John Costas alikuwa akishughulikia sona, ndugu ya rada inayotumia sauti chini ya maji. Mojawapo ya mbinu zilizokuwepo ni kurusha mipigo kadhaa mfululizo, kila mmoja kwa frikwensi yake. Swali ni: zifuatane kwa mpango gani?

Mpango unaomjia mtu haraka ni ngazi. Tuseme tuna frikwensi nne, tuzipe majina 1, 2, 3, 4, na tuzirushe kwa mfuatano huohuo. Chora kwenye karatasi ya mraba: muda unakwenda kulia, frikwensi inapanda juu, vidoti vinne katika mstari ulioinama. Sasa chukua nakala ya mchoro huo, isogeze hatua moja kulia na hatua moja juu. Vidoti vitatu kati ya vinne vinalaliana na vya mwanzo! Kwa rada maana yake ni kwamba kitu kilichochelewa kidogo na kinachokuja kwa kasi fulani kinafanana mno na kitu kilicho karibu na kilichosimama. Ngazi inadanganya.

Costas akaweka sharti: popote utakapoisogeza nakala, kulia au kushoto, juu au chini, kisilaliane zaidi ya kidoti kimoja. Kwa maneno ya hesabu, chukua namba zako kwa mfuatano. Tofauti za namba zilizo jirani ziwe hazijirudii. Tofauti za namba zilizorukana moja ziwe hazijirudii. Zilizorukana mbili vilevile, na kuendelea.

Tuwe mashine kwa dakika moja. Nafasi ziko nne, namba ni 1 hadi 4, hazirudiwi. Jaribu 1 nafasi ya kwanza na 2 nafasi ya pili. Tofauti ni +1. Nafasi ya tatu zimebaki 3 na 4. Lakini 3 ingeleta +1 tena, sharti linakataa, basi inafutwa kabla hata hatujaijaribu. Inabaki 4, tofauti +2. Nafasi ya nne imebaki 3, tofauti −1. Sasa zilizorukana: 4 toa 1 ni +3, na 3 toa 2 ni +1, hazifanani. Tumepata 1, 2, 4, 3. Tulijaribu mara mbili tu; yote mengine yaliamuliwa na masharti. Huko ndiko kupunguza nilikokueleza.

Kwa namba nne mipangilio yote ni 24, na iliyo halali ni 12, hivyo hata kwa kubahatisha utapata. Ukiongeza namba hali inabadilika. Kwa namba 10 mipangilio ni 3,628,800 na iliyo halali ni 2,160. Idadi ya iliyo halali huongezeka hadi 21,104 kwa namba 16, kisha, jambo lililonishangaza, huanza kupungua. Kwa namba 29 watu wametafuta mpaka mwisho kwa kompyuta nyingi na kukuta 164 tu, katika mipangilio ambayo idadi yake ina tarakimu 31.

Costas alipokwama aliwaendea wanahesabu, akiwemo Solomon Golomb. Walipatikana watu waliotoa kanuni, na moja, ya Lloyd Welch, ni rahisi kiasi kwamba hata mimi niliiweza. Chukua namba tasa, tuseme 7, na chukua 3. Zidisha 3 kwa yenyewe tena na tena, na kila mara andika baki baada ya kugawanya kwa 7: 3, 2, 6, 4, 5, 1. Huo ni mpangilio halali wa namba sita, na unaweza kuuhakiki mwenyewe kwa kalamu. Lakini kanuni hizi hazifiki kila mahali. Kwa 32 na kwa 33 hakuna anayejua kama mpangilio upo hata mmoja. Kanuni zimenyamaza, na programu za masharti, pamoja na kasi yake yote, bado hazijaweza kusema ndiyo wala hapana.

Sharti la aina hiyohiyo limo katika kupanga antena. Ukiwa na antena nne tu na rula yenye alama, ziweke kwenye 0, 1, 4 na 6. Pima umbali kati ya kila mbili: 1, 2, 3, 4, 5, 6, kila mmoja mara moja, hakuna uliorudiwa na hakuna uliokosekana. Antena nne zinapata umbali wote ambao zingepata antena saba zilizopangwa bega kwa bega. Mwenye fedha kidogo anaelewa haraka faida yake.

Baki mbili na kosa la kilomita moja

Rada nyingi hazirushi mpigo mmoja na kungoja. Hurusha maelfu. Sasa mwangwi ukifika, ni wa mpigo upi? Ikiwa mipigo inafuatana kiasi kwamba kila baada ya kilomita 7 hesabu inaanza upya, kitu kilicho kilomita 58 kitaonekana kwenye kilomita 2, kwa sababu 58 ukigawanya kwa 7 inabaki 2. Na kilicho kilomita 9, 16 au 23 nacho kitaonekana kwenye 2. (Namba ni ndogo ili tuhesabu kwa kichwa, za kweli ni kubwa zaidi.)

Dawa ni kubadilisha mwendo wa mipigo. Rusha tena kwa mwendo unaojikunja kila kilomita 9. Sasa kitu kilekile kinaonekana kwenye 4. Namba gani chini ya 63 ikigawanywa kwa 7 inabaki 2, na kwa 9 inabaki 4? Ni 58 peke yake.

Hesabu ya mabaki ilianzia China zamani sana, na ndugu zangu wa historia watafurahi kujua kwamba Ibn al-Haytham, yule wa Basra na Cairo tunayemjua kwa elimu ya mwanga, aliishughulikia miaka kama elfu moja iliyopita. Aliuliza: namba gani ikigawanywa kwa 2, 3, 4, 5 au 6 inabaki 1, lakini kwa 7 haibaki kitu? Jibu mojawapo ni 721. Hakuwa akifikiria ndege, bila shaka.

Sasa angalia hatari. Rada haisomi kwa usahihi kamili. Kelele za umeme na mashine yenyewe huleta kosa. Tuseme katika mwendo wa kwanza imesoma 3 badala ya 2. Kosa la kilomita moja tu. Namba gani inabaki 3 kwa 7, na 4 kwa 9? Ni 31. Ndege iliyo kilomita 58 imehamishiwa kilomita 31! Nilipofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, maana sikuamini kwamba kosa dogo hivyo linaweza kuzaa uongo mkubwa hivyo.

Tena kuna upofu. Rada ikiwa inarusha mpigo haiwezi kusikiliza. Kitu kilicho kilomita 14 kinarudisha mwangwi wake wakati uleule rada ya mwendo wa kwanza inapofungua mdomo, hivyo haikioni. Kilicho kilomita 63 kimefichika kwa miendo yote miwili.

Kwa sababu hizo rada hutumia miendo mingi, na kuna mpango unaojulikana wa miendo minane, ambapo kitu huhesabiwa kuwa kipo kikionekana katika mitatu kati yake. Kuchagua miendo hiyo ndiko kunakoita programu za masharti. Vitu visivyojulikana ni miendo minane. Masharti: kila umbali na kila kasi tunayoijali ionekane na angalau mitatu, kosa dogo lisihamishe kitu mbali, hakuna mwendo unaozidi uwezo wa mashine kurusha, jumla ya muda wa kuipitia yote isizidi muda ambao mwonzi unakaa upande mmoja. Ukijaribu kwa mkono utanikumbuka na majedwali yangu.

Masharti mengine hayakuandikwa na mhandisi yeyote. Fikiria rada ya hali ya hewa, kama ile ya Mwanza inayolitazama Ziwa Victoria. Tuseme inatumia wimbi la urefu wa sentimita 5 na inarusha mipigo 1,000 kwa sekunde. Itaona bila utata hadi kilomita 150. Lakini kwa mwendo huo huo, kasi kubwa ya upepo inayoweza kuisoma bila utata ni mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Dhoruba inayoijia kwa kilomita 55 kwa saa itasomeka kana kwamba inaondoka kwa kilomita 35 kwa saa. Mvuvi wa dagaa aliyeko ziwani na taa zake usiku hataki habari ya namna hiyo. Haya, ongeza mipigo iwe 2,000: sasa kasi inasomeka hadi kilomita 90 kwa saa, lakini umbali umeshuka hadi kilomita 75. Unavyopata huku ndivyo unavyopoteza kule, na zao la vitu viwili hivyo halibadiliki maadamu urefu wa wimbi ni uleule. Mnunuzi anayeandika kwenye zabuni kwamba anataka kilomita 150 na upepo wa kilomita 90 kwa saa, kwa wimbi la sentimita 5 na kwa mwendo mmoja wa mipigo, ameandika ratiba yangu ya darsa. Programu itamjibu haiwezekani, na itamwonyesha masharti yanayogongana. Akilegeza lile la "mwendo mmoja" na kukubali miendo miwili inayopokezana, mlango unafunguka, kwa hesabu ileile ya mabaki.

Muda usiotosha

Mpaka hapa ni kubuni, kazi ya mezani, na mhandisi anaweza kuiacha kompyuta itafute usiku kucha. Kuendesha ni habari nyingine.

Rada tuliyozoea kuiona ina sahani inayozunguka. Ziko rada nyingine zenye antena bapa iliyojaa vipande vidogo vingi, na hazizungushi kitu. Mwonzi huelekezwa kwa umeme na huruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kufumba na kufumbua. Rada kama hiyo ni sawa na mama muuza chai mwenye jiko moja na wateja kumi. Kila wakati lazima aamue nani anahudumiwa sasa. Itafute wageni wapya angani? Iifuate ndege iliyokwisha kuonekana, kabla haijapotea? Itazame mawingu?

Mama hodari hakai akitazama maji yachemke. Rada pia. Mpigo uliotumwa kilomita 150 unarudi baada ya milisekunde 1. Tuseme mpigo wenyewe una urefu wa milisekunde 0.1. Mpaka mwangwi urudi kuna nafasi tupu, na inaweza kutumika kumrushia mwingine. Umrushie wa pili, aliye kilomita 90, mara tu unapomaliza wa kwanza, yaani kwenye 0.1: mwangwi wake utafika kwenye 0.7 na kwisha 0.8, salama. Lakini wa pili akiwa kilomita 135, mwangwi wake utafika kwenye 1.0, wakati uleule wa mwangwi wa kwanza. Mgongano. Mcheleweshe kwa 0.1 zaidi, atafika kwenye 1.1, na wa kwanza ameshamaliza. Kazi mbili ni rahisi hivyo. Kazi hamsini, pamoja na sharti kwamba mtambo wa kurushia usipate joto kupita kiasi, huwa fumbo ambalo hata kompyuta yenye nguvu inaweza kulihangaikia muda mrefu, ilhali rada ina milisekunde chache tu. Rafiki yangu aliniambia ndiyo maana sehemu ngumu hutatuliwa mapema, chini: mipango mizuri inatafutwa na kuwekwa akiba, na rada ikiwa kazini huchagua kati ya iliyopo kwa kanuni fupi.

Sasa siku inafika ambapo kazi zimezidi. Tuseme katika milisekunde 100 kutafuta kunahitaji 60, ndege nane zinahitaji 5 kila moja, jumla 40, na mawingu 10. Ni 110. Masharti yote hayawezi kutimia. Nani apunguziwe?

Niliposikia swali hili nilicheka, kwa sababu tulikuwa tumetoka kulisoma darasani, katika mirathi. Mwanamke amefariki, hana mtoto, ameacha mume na dada wawili. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Nusu na theluthi mbili ni saba ya sita, mali haitoshi. Suala hili lilitokea wakati wa Sayyidna Umar, na uamuzi uliochukuliwa na wanazuoni walio wengi ni aul: mafungu sita yanafanywa saba, mume achukue matatu na dada wanne, kila mmoja apungukiwe kwa kadiri ya fungu lake. Ibn Abbas hakuafiki. Kwake yeye wapo wanaotangulizwa na hawapunguziwi, na upungufu unawaangukia wengine. Mume angepata nusu yake kamili na dada wangepata kilichobaki.

Sisemi rada ni mirathi. Mirathi ina nassi na ina watu wake, na rada ni chuma. Ila njia mbili ambazo wahandisi wanazo mbele yao ndizo hizo. Ya kwanza, kila kazi ipunguzwe kwa kadiri yake: kutafuta kupate 54.5, ndege 36.4, mawingu 9.1. Ya pili, ndege na mawingu vipate haki yao kamili na kutafuta kubaki na 50. Na hapa, kwa rada, naona njia ya pili mara nyingi ina nguvu. Ndege iliyohitaji 5 ukiipa 4.5 mwangwi wake unaweza usisikike, ukawa umepoteza hata ile 4.5. Kutafuta kukipungua, mgeni ataonekana akiwa amechelewa kidogo, lakini ataonekana. Hata hivyo, "mara nyingi" si "siku zote". Rada ya mahali ambapo hatari kubwa ni kile kisichojulikana bado itahitaji kanuni nyingine.

Programu haiwezi kuamua hilo. Inaweza kuthibitisha kwamba 110 haiingii katika 100, inaweza kukupa mpango bora kwa kila kanuni uliyoichagua, lakini haijui kama kilichoachwa ni wingu tupu au ni dhoruba iliyo juu ya mitumbwi. Lazima mtu aandike, kabla ya siku yenyewe, nani atangulie na nani angoje, na aandike wazi ili aweze kuulizwa. Kisichoandikwa nacho huwa kimeamuliwa, na mtu asiyejua kama ameamua: aliyeipanga orodha ya kazi kwa herufi, kwa mfano, kazi ya kwanza ikapata kwa sababu tu jina lake linaanza na A.

Ile ratiba yetu iliamuliwa kikaoni. Nilisoma yale masharti matatu kwa sauti na kuuliza lipi lilegezwe. Nilitegemea ubishi. Dada mmoja akasema kwani ni lazima ustadh awe yuleyule, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyehifadhi juzuu nyingi kutuzidi sote yumo humuhumu ukumbini, yeye afundishe tajwidi kwa dada wenzake Jumanne baada ya Alasiri. Katika majedwali yangu tisa sikuwahi kuligusa sharti hilo, kwa sababu sikujua kwamba ni sharti. Nililichukua kama ukuta wa nyumba.

Zoezi kwa wanaopenda. Chukua namba 1 hadi 5, sharti ni lile la Costas. Anza na 1, 2 kama tulivyofanya kwa namba nne, na uthibitishe kwamba safari hii hakuna njia hata moja inayofika mwisho. Kisha anza na 1, 3, maana huko ipo. Karatasi ziletwe Alhamisi baada ya Alasiri, chumba kilekile, kabla fiqhi haijaanza.